Mwisho wa Juma wa Familia za Wamisionari katika Njia ya Sake

Mji wa Sake, ulioko wilaya ya Masisi katika jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa mahali barabara zinapoachana. Barabara itokayo Goma, umbali wa kilomita zipatazo 25, ikifika hapo hugawanyika: tawi moja hufuata ufuo wa Ziwa Kivu kuelekea Minova na Bukavu, jingine hupanda milima kwenda Masisi na kuendelea hadi misitu ya Walikale, na jingine huelekea kaskazini, Kitshanga na Mweso. Mfanyabiashara wa viazi, askari, padri, mchungaji na mgeni kutoka ng'ambo wote wameijua Sake kwa sababu ya njia panda hiyo, nazo familia za wamisionari, yaani watu waliotumwa na makanisa ya Ulaya na Marekani kuhubiri, kufundisha na kutibu, zilipita hapo kwa kazi siku za juma na kwa mapumziko juma lilipokwisha.

Vitabu vya historia ya misheni vimeeleza kwa kirefu habari za mahubiri, shule na hospitali, lakini Jumamosi na Jumapili za wamisionari vimezigusa kwa juu juu tu, ilhali hizo ndizo siku ambazo mgeni na mwenyeji walikaa meza moja au walishindwa kukaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba siku hizo mbili zilikuwa kipimo cha kazi yote ya mmisionari, na kwamba kwa kiasi kikubwa zilitegemea wenyeji ambao barua na picha zilizopelekwa ng'ambo mara nyingi hazikuwataja majina.

Mwisho wa juma wa namna hiyo ulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni ushirika, neno ambalo Wakristo wa Afrika Mashariki hulitumia kwa mkutano wa waumini wachache wanaosali, wanaosoma Maandiko, wanaoelezana mizigo yao na kula pamoja, tofauti na ibada kuu ya kanisani ambayo huendeshwa na mchungaji au padri mbele ya watu wengi. La pili ni matembezi: safari fupi ya kwenda ziwani, mlimani au nyumbani kwa rafiki, watoto wakiwamo. Wamisionari wengi wa Kiprotestanti waliishika Jumapili kwa ukali kama siku ya ibada na pumziko, hivyo matembezi ya mbali yaliwekwa Jumamosi, na Jumapili ikaachiwa kanisa, chakula cha mchana, wageni na uandishi wa barua.

Haja ya ushirika ilitokana na upweke, na upweke wa mmisionari katika nchi hizi una historia ya machozi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na katika mwaka huohuo alimzika mke na mtoto mchanga wa kike, akabaki peke yake mpaka mwenzake Johannes Rebmann alipofika mwaka 1846. Upande wa Kanisa Katoliki, Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, huko Algiers mwaka 1868, aliweka kanuni kwamba watu wake wasikae kituoni chini ya watatu, wale chakula cha nchi na wajifunze lugha ya watu. Kanuni hiyo ya watu watatu ilifika Kivu pamoja na mapadri hao, waliokuwa miongoni mwa wamisionari wa kwanza wa eneo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na ilitambua waziwazi kwamba mtu asiye na mwenzake wa kusali na kuzungumza naye jioni hawezi kudumu katika kazi.

Waprotestanti walichukua njia nyingine, nayo ni ya kutuma familia nzima, mume, mke na watoto. Wapentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na kutoka katika kazi yao likakua kanisa ambalo leo huitwa CEPAC, lenye waumini wengi Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, Masisi na Walikale zikiwamo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Paul Hurlburt, Mmarekani, alianzisha kazi katika nyanda za juu za kaskazini ya Kivu, upande wa Butembo, chini ya shirika dogo lililochukuliwa katika miaka ya 1940 na Wabaptisti wa Marekani waliojulikana kwa kifupi kama CBFMS. Kanisa lililotokana na kazi hiyo leo ni CBCA, ambalo makao yake makuu yako Goma. Familia ya mmisionari ilikuwa na faida ya kuwa nyumba kamili katikati ya nyumba nyingine, lakini ilikuwa na udhaifu wake pia, kwa kuwa vituo vilitawanyika milimani, barabara zilikuwa za udongo, na mke wa mmisionari angeweza kupita majuma mengi bila kuonana na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Zaidi ya hayo, watoto hawakukaa nyumbani mwaka mzima. Watoto wa wamisionari wengi wa mashariki ya Kongo walipelekwa shule za bweni, kama ile ya Rethy katika milima ya Ituri, iliyoendeshwa na shirika la AIM, au ile ya Kijabe nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1906, ambako utaratibu ulikuwa miezi mitatu ya masomo na mwezi mmoja wa likizo. Mwisho wa juma ambao familia ilikuwa kamili ulikuwa kitu adimu, na ndiyo maana ulipangwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa kuwa bibi, babu, shangazi na wajomba wa damu walikuwa ng'ambo, watoto hao walizoezwa kuwaita wamisionari wengine wote shangazi na mjomba, na urafiki wa vituo viwili ukageuka kuwa ukoo wa hiari. Wanasosholojia Wamarekani Ruth Hill Useem na John Useem, waliofanya utafiti India katika miaka ya 1950, waliwaita watoto wa aina hii watoto wa utamaduni wa tatu, kwa maana kwamba hawako kikamilifu katika utamaduni wa wazazi wao wala wa nchi wanayolelewa, bali katika ule unaoundwa na wahamaji wenyewe kwa wenyewe. Ni maelezo sahihi, ingawa yanaweza kumsahau yaya aliyembeba mtoto huyo mgongoni na kumfundisha Kiswahili kabla hajajua vizuri Kiingereza au Kiswidi.

Mahali pa matembezi Kivu palijulikana bila kuuliza. Ziwa Kivu, lililoko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, lina hewa ya baridi kiasi, halina mamba wala kiboko, na kwa mzazi mwenye watoto watano wanaotaka kuogelea jambo hilo lilitosha kulipendelea kuliko maziwa mengine ya Afrika Mashariki. Ghuba ya Kabuno, iliyoko upande wa Sake, ni kama ziwa dogo ndani ya ziwa kubwa, kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na una kina kidogo. Juu ya ziwa husimama Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, na Nyamulagira, unaohesabiwa kuwa miongoni mwa milima ya volkano inayolipuka mara nyingi zaidi Afrika, ambao lava yake, yaani mwamba ulioyeyuka, katika mlipuko ulioanza mwaka 1938 ilitiririka hadi ikaingia ziwani karibu na Sake. Eneo la milima hiyo limo katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, leo Virunga, ambayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika.

Hata hivyo uzuri huo una hatari ambayo mgeni hawezi kuiona, na hapa utegemezi wake kwa mwenyeji hudhihirika kuliko mahali pengine. Watu wa ufuo wa Goma na Sake huita mazuku mabonde madogo na mashimo ya ardhi ambamo hukusanyika hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo chini ya ardhi ya volkano. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukaa chini kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri upepo unapokuwa umetulia, na mtu anayeingia humo huzimia na kufa kwa dakika chache. Mtoto, kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi, hufa pale ambapo baba yake aliyesimama hajahisi chochote. Wenyeji huyajua mazuku kwa mizoga ya ndege, wadudu na wanyama wadogo, na kwa kumbukumbu ya waliofia hapo, nao huwakataza wageni kutandika mkeka katika bonde fulani zuri lenye nyasi na kivuli. Familia iliyotoka ng'ambo ikashinda ufuoni na kurudi nyumbani salama ilikuwa imeongozwa, hata kama katika barua yake iliandika tu kwamba siku ilikuwa njema.

Barabara inayopanda kutoka Sake ilikuwa na mvuto wa namna nyingine. Milima ya Masisi, yenye malisho ya kijani na ng'ombe wengi, ndiko inakotengenezwa jibini ya mviringo inayoliwa Goma na hata Kinshasa, na historia ya jibini hiyo inahusishwa na mapadri na walowezi wa Kibelgiji. Huko Mokoto, penye maziwa madogo manne, Watrapisti, ambao ni wamonaki wanaoishi kwa kimya, sala na kazi ya mikono, walijenga monasteri mwaka 1954, wakitoka abasia ya Scourmont nchini Ubelgiji. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoifuata, huagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, kwa hiyo nyumba ya wageni ni sehemu ya ibada yao, nayo Mokoto ikawa mahali pa mafungo, yaani siku kadhaa za kujitenga kwa sala. Mwezi Mei 1996 watu wengi waliokuwa wamekimbilia monasterini kutafuta hifadhi waliuawa hapo, na wamonaki wakalazimika kuondoka kwa muda. Haifai kulitaja jina la Mokoto kwa sifa ya utulivu wake bila kuwataja marehemu hao.

Kwa upande wa pili, ushirika wa wamisionari ungeweza kuwa ukuta. Katika Kongo ya Wabelgiji miji iligawanywa kwa rangi, sehemu ya Wazungu ikitengwa na sehemu ya Waafrika, na ufuo mzuri wa Goma ulikuwa upande wa kwanza. Familia ya mmisionari, hata kama kwa imani yake ilikataa ubaguzi, ilitembea katika ramani hiyohiyo: Jumapili asubuhi iliketi na waumini Waafrika na kuimba kwa Kiswahili, na alasiri iliketi na Wazungu wenzake kusali kwa Kiingereza au Kifaransa, huku Wakongo waliokuwapo wakiwa mpishi na dereva. Nia mbaya haikuwa lazima ili mambo yawe hivyo, kwani mtu aliyechoka huwatafuta wanaomwelewa bila maelezo mengi. Lakini muumini Mwafrika aliyealikwa kuhubiriwa asialikwe kula aliliona jambo hilo, akalihifadhi moyoni.

Uamsho wa Afrika Mashariki, harakati ya Kikristo iliyoanzia Rwanda na Uganda, ng'ambo ya mpaka, ulikwenda kinyume cha hali hiyo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasali na kusoma Biblia pamoja kama ndugu wawili, na katika miaka ya 1930 mkutano wa namna hiyo ukawa desturi iliyoenea Kigezi, Buganda, Bukoba na Kenya. Ushirika wa Uamsho ulikutana kila juma, kila mmoja akiungama makosa yake mbele ya wengine, na wamisionari nao walisimama wakakiri kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika dunia ya kikoloni lilikuwa mapinduzi bila bunduki. Timu za wahubiri weusi na weupe zilisafiri pamoja, zikalala nyumba moja na kula chungu kimoja, na pengine hakuna hati ya kanisa ya wakati ule iliyosema kwa uwazi zaidi kuliko safari hizo kwamba mgeni na mwenyeji ni sawa.

Kivu haikubahatika kiasi hicho. Wabaptisti wa huko, wakati uhuru wa 1960 ulipokuwa ukija na baada yake, waliingia katika mgogoro mkali na wamisionari wao juu ya shule, hospitali na nani aongoze kanisa, kwa maana waumini walitaka elimu na tiba zipanuliwe, ilhali wamisionari wengi waliona kazi yao ya kwanza ni kuhubiri. Mgogoro kama huo una sababu nyingi, lakini si rahisi kuamini kwamba watu waliokuwa wamezoea kula pamoja Jumapili wangefikishana mbali kiasi kile. Mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti ya nchi yote yaliunganishwa katika Kanisa la Kristo, linalojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama ECC, na mwaka 1971 mchungaji Mkenya John Gatu wa Kanisa la Presbiteri alitoa wito mashuhuri kwamba wamisionari na fedha za ng'ambo zisimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajitambue. Wengi ng'ambo waliudhika, ingawa Gatu alikuwa akidai jambo ambalo mwenye nyumba yeyote hudai, nalo ni haki ya kuwa mwenyeji nyumbani kwake.

Mwisho wa juma wa waumini wenyewe katika vijiji vya Masisi haukuwahi kungojea mgeni. Ibada ya Jumapili huchukua saa nyingi, kwaya moja ikipokea nyingine, na mgeni akionekana huitwa mbele atoe salamu za kanisa lake. Upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Kongo waliamua tangu mwaka 1961 kujenga jumuiya hai za Kikristo, ambazo Bukavu na maeneo jirani huitwa shirika, ambapo familia za mtaa mmoja hukutana nyumbani kwa mmojawapo kusali, kumtazama mgonjwa na kupatanisha waliogombana. Baada ya ibada huja chakula: bugali, yaani ugali, sombe, yaani kisamvu, maharage, viazi vya Masisi, na sambaza, samaki wadogo waliopandikizwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Mgeni anapoaga hupewa kuku hai amfunge miguu aende naye, na kukataa zawadi hiyo kwa hoja kwamba mtoaji ni maskini ni kumwambia mtoaji kwamba hana uwezo wa kuwa mwenyeji. Wamisionari waliojifunza kumpokea kuku huyo kwa mikono miwili walijifunza jambo ambalo halikufundishwa chuoni.

Baadhi yao walikwenda mbali zaidi. Lyn Lusi, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, aliolewa na daktari mpasuaji Mkongo, Jo Lusi, na mwaka 2000 wakaanzisha Goma kazi ya tiba iliyokuja kuitwa HEAL Africa, inayojulikana kwa kuwatibu wanawake waliojeruhiwa vitani, wengi wao wakitoka vijiji ambavyo njia yao ya kwenda hospitali hupitia Sake. Kwake ng'ambo na nyumbani vilikuwa vimebadilishana nafasi, na alipofariki mwaka 2012 alikuwa ameishi sehemu kubwa ya maisha yake katika Kongo.

Leo matembezi ya familia za kigeni katika njia ya Sake yamekwisha, kwa kuwa vita vimeifanya barabara hiyo kuwa ya wakimbizi. Lakini ugeni umeendelea, na sasa unatokea baina ya wenyeji wenyewe. Mwezi Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, maelfu kwa maelfu walikimbilia Sake, wakalala makanisani, shuleni na katika nyumba za watu ambao hawakuwafahamu. Mwezi Februari 2024 zamu iligeuka, mapigano yalipofika Sake na watu wake wakakimbilia Goma, na mwezi Januari 2025 mji huo ulitekwa na kundi la waasi la M23, siku chache kabla ya Goma yenyewe.

Katika nyumba nyingi za Marekani, Uswidi, Norwei, Uingereza na Ubelgiji zingalipo albamu za picha na mafungu ya barua za maombi, yaani barua ambazo mmisionari aliwaandikia marafiki na makanisa yaliyomgharimia, akieleza ibada ya Jumapili, safari ya ziwani na jina la kila mtoto aliyeogelea. Katika picha hizo husimama pia Wakongo ambao maelezo ya chini ya picha huwaita tu wenyeji, mpishi au marafiki zetu wa Masisi. Wazee wanaoweza kuwatambua wanazidi kupungua, na makaratasi ya makanisa ya Masisi yenyewe yako hatarini kila mapigano yanaporudi. Goma kuna Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL, kilichoanzishwa mwaka 1985 na makanisa ya Kiprotestanti, na yako makanisa yenye waumini wa Sake waliotawanyika hadi Nairobi, Kampala na miji ya Amerika Kaskazini. Kila mwenye albamu kama hiyo na atoe nakala za picha zake, azipeleke kwa chuo hicho na makanisa hayo, na awaombe wazee waandike majina ya waliosimama pembeni wakati wangali hai.